Tulipomtafutia Mmarekani Asili Yake

Shughuli nzima ilinigharimu rial mia mbili na kumi na saba. Humo mna kadi za simu, petroli ya kwenda Nizwa na kurudi, tairi moja la nyuma, na mbuzi tuliyemchinja kwa furaha tukamla kimya. Nimejumlisha mara mbili. Mara ya pili nilisahau tairi, nikapata pungufu, ikabidi nianze upya. Hiyo lakini ni hesabu ya vitu vyenye bei. Dada yangu alilipa kitu kingine, na hicho mpaka leo, miaka imepita, sijui nikiandike kwenye hesabu gani.

Mimi nauza vipuri na matairi hapa Ibra. Wateja wangu wazuri ni wale wenye magari makubwa ya kupandia michanga ya Bidiya, kwa sababu mchanga hauna huruma na magari yao hayana umri. Mtu aliyekwama mchangani tangu asubuhi habishani na bei. Mie hubisha kwa niaba yake: naanza juu, najikasirikia, nashuka mwenyewe, naye huondoka akijiona mjanja. Hivyo ndivyo nilivyowalisha watoto.

Wazee wetu walikuwa Waarabu wa Tabora. Hapa wenyeji wanatuita Wazanzibari, na nimechoka kueleza kwamba kutoka Tabora kwenda Zanzibar ni safari ya treni na kisha meli. Anayeniita hivyo mara nyingi ameshalipa, basi namwacha aende na jiografia yake. Baba alifia kule kule. Mama tulikuja naye Oman, akaishi miaka michache, tukamzika Ibra. Alituachia mziwanda wake, binti aliyekuwa bado hajaota meno ya pili, tukamlea mimi na mke wangu. Binti huyo ndiye dada yangu, na habari hii ni yake.

Mwishoni mwa miaka ya tisini dada alikuwa muuguzi kwenye zahanati moja kule Sur, wakati ule wanajenga mitambo ya gesi na mji umejaa wageni wa kila rangi. Alilala kwenye nyumba ya wauguzi, akirudi kwetu Alhamisi na Ijumaa. Siku moja aliletewa fundi mmoja wa mabomba, kijana wa Kimarekani, kaungua mkono. Wakati anamfunga bandeji, mtoto mmoja akaanza kulia kwenye benchi, na dada, ambaye akichoka Kiarabu humponyoka, akamwambia, “Nyamaza.”

Mmarekani akacheka. Akasema kwa Kiingereza kuwa hilo ndilo neno alilolisikia kwa baba yake mara nyingi kuliko jina lake mwenyewe.

Dada akamuuliza baba yake alilitoa wapi. Akamwambia baba yake alizaliwa Tabora, na neno hilo wazazi wake walirudi nalo Amerika. Dada, badala ya kufunga bandeji na kufunga mdomo, akamwambia, “Ukitaka watu wa Tabora, nenda Ibra, kwenye duka la matairi la kaka yangu. Ila usimwambie nani kakutuma.”

Akaja. Neno la kwanza alilotamka mlangoni kwangu lilikuwa hili: “Dada yako kaniambia nisikwambie kuwa ndiye aliyenituma.”

Nilimuuzia tairi. Alilipa bei ya kwanza. Nikamwona ni mtu wa kuhurumiwa, nikamkaribisha kahawa.

Habari zake hazikuwa ndefu. Babu yake alikuwa mchimba visima, aliyepelekwa Tabora na wazungu wenzake kutoboa ardhi kutafuta maji. Mke alijifungua huko, na walirudi Amerika mtoto akiwa anatambaa. Mtoto huyo ndiye baba yake. Huyu kijana mwenyewe alikuwa amesilimu Sur, mashahidi wake wasimamizi wawili wa kazi, na alikuwa anakula kwa mkono vizuri kuliko wanangu. Alikuja Alhamisi ile, akaja na iliyofuata. Hakuwa na maneno mengi. Aliweza kukaa na mtu bila kumchosha, nami hicho ni kipimo changu.

Baada ya miezi akanambia anataka kuoa kwetu. Nikaenda jikoni. Dada alikuwa anaosha mchele.

“Umesikia?”

“Nyumba yenyewe ndogo.”

“Unasemaje?”

“Nikisema ndiyo utaanza kupandisha bei?”

“Bei ya nani?”

“Yangu.”

“Wewe huna bei.”

“Basi ndiyo,” akasema, akamwaga maji ya mchele.

Alikuwa ameshawakataa wanaume watatu, na wengine wawili niliwakataa mimi. Sikumbuki siku nyingine kumwona akiosha mchele ule ule mara nne.

Likabaki la Ami. Ami ni ndugu mdogo wa baba, mzee wa nyumba yetu. Zamani zile sisi tuko Tabora, yeye alikuwa na duka Bujumbura, na alikuja Oman kabla yetu. Bila neno lake hapaolewi mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, “Asili yake?”

“Mmarekani, Ami.”

“Hiyo ni pasipoti. Nimeuliza asili.”

“Asili ni Mjerumani. Wazee wao walitoka Ujerumani wakahamia Amerika.”

“Mjerumani wa kina nani?”

“Ami, wale hawana kabila.”

“Kila mtu ana kabila. Wengine wamepoteza tu.” Akarekebisha kilemba. “Kibali cha serikali cha kuolewa na mgeni tutaomba baadaye. Kwanza niletee watu wake. Babu, wa juu yake, ndugu za babu, watoto wao, wameoa wapi, wana sifa gani. Wewe si unajua kukagua gari kuukuu? Kagua.”

Kwetu mchumba huulizwa. Huulizwa kwa majirani, kwa watu wa msikiti wake, kwa muuza samaki wake. Msikiti wa huyu ulikuwa na miezi kadhaa tu, na jirani zake wako upande wa pili wa dunia, wamelala wakati sisi tuko macho. Nikanunua kadi za simu.

Kijana akanambia kwamba kwao kuna bibi mmoja, dada wa babu yake mchimba visima, mwanamke ambaye hakuolewa, anakaa peke yake kwenye shamba la ngano la familia. Huyo ndiye anayejua nani kazaliwa na nani. Kila kiangazi ukoo mzima hukusanyika shambani kwake, wanavaa fulana za rangi moja, na yeye hukaa kwenye kiti akiwahesabu. Niliposikia hivyo nikajua nimepata mtu wa kufanya naye biashara.

Nikampigia. Kijana alikaa pembeni yangu kuninyooshea Kiingereza, maana changu ni cha matairi. Bibi hakushangaa hata kidogo kwamba mtu wa Oman anauliza habari za babu zake. Alisema, “Kwa muda mrefu hakuna aliyeniuliza,” akaanza. Baba yake alitoka Ujerumani akiwa mvulana, pamoja na wazazi wake na ndugu zake, kwa meli, kisha kwa treni, mpaka kwenye ardhi ambayo haikuwa na mti wala jiwe. Waliishi ndani ya nyumba ya udongo. Walipanda ngano. Wakaoana na Wajerumani wengine kama wao, wa shamba la pili na la tatu, kama tunavyofanya sisi.

Akanipa namba za matawi mengine, nikawapigia nao. Mmoja alikuwa muuza matrekta. Huyo tulielewana khasa. Nilimuuliza habari za kijana, akanambia, “Mzima. Mvivu wa kupiga simu.” Kisha akaniuliza nauza nini, na nusu ya kadi ikaishia kwenye bei ya matairi ya nyuma ya trekta. Kuhusu babu wa mababu akasema alikuwa na watoto tisa.

Bibi alikuwa amesema kumi. Nikarudia hesabu kwenye boksi la vipuri nililochorea matawi yao, nikapata tisa. Nikampigia bibi tena. Akanambia wa kumi alikufa njiani, baada ya kushuka melini, wakamzika kando ya reli mahali ambapo hakuna aliyeweza kupaona tena. Yeye humhesabu, wengine hawamhesabu.

Nilipomweleza Ami, alihesabu vidole vyake mpaka kumi. “Aliyezaliwa kahesabiwa,” akasema. “Bibi huyo ana akili.”

Nikamwambia na jingine. Wakati wa vita na Ujerumani watu hao waliacha kusema Kijerumani njiani, kwa kuogopa majirani, na watoto wakakua hawakijui. Bibi peke yake bado anasali kwa lugha hiyo, chumbani. Ami mwenyewe, alipofika nchi hii, aliwahi kuambiwa na karani kwenye dirisha la ofisi aseme Kiarabu kama watu. Hajawahi kulisahau dirisha lile.

“Hao ni watu wanaoeleweka,” akasema Ami. “Hakuna mwizi kati yao?”

“Mmoja aligombana na nduguye juu ya uzio.”

“Huo si wizi, huo ni undugu. Haya. Mchinjeni mbuzi.”

Nilijiona mtu hodari. Nilikuwa nimeutandika ukoo mzima wa Wajerumani kwenye boksi moja la vipuri, kutoka aliyezikwa kando ya reli mpaka kijana wetu, na kila tawi nimelikagua mara mbili, halina ufa.

Ami alitaka kitu kimoja cha adabu. Yeye ni mzee wa huku na bibi ni mzee wa kule, hivyo haifai ndoa ifungwe wazee hawajasalimiana. Ijumaa, baada ya Magharibi, kwao ikiwa asubuhi, tukakaa kwenye majlis yangu ya kupokelea wageni, Ami, mimi na kijana. Mbuzi yuko jikoni. Simu ya mezani iko katikati ya zulia, kipaza sauti kimefunguliwa. Mke wangu na dada walikuwa nyuma ya mlango wa ndani, ulioachwa wazi kiasi cha kidole. Mimi ndiye niliyeshika birika la kahawa, kama ilivyo desturi ya mwenye nyumba kuwamiminia wageni, na mgeni asiyetaka zaidi hutikisa kikombe.

Salamu zilikwenda vizuri. Ami alisema kwa Kiarabu, kijana akageuza kwa Kiingereza, bibi akajibu, kijana akarudisha kwa Kiarabu chake cha kambini kilichochanganyika na Kiswahili cha jikoni kwetu. Ami akasema tunafurahi kuungana na watu wa mbali. Hapo ndipo bibi akacheka, sauti yake ikapasuka kidogo kwenye kipaza sauti, akasema neno refu. Kijana alisikiliza, uso wake ukang'aa, akatugeukia.

“Anasema msituite watu wa mbali. Anasema baba yangu asingeishi bila Waarabu wa Tabora. Bibi yangu mzaa baba alishikwa na homa baada ya kujifungua, maziwa yakakauka. Ilikuwa mvua, reli imekatika, maziwa ya kopo hayafiki. Jirani yao alikuwa mke wa Mwarabu anayenunua nta na ngozi, nyumba iko nyuma ya stesheni. Naye alikuwa na mtoto mchanga wa kiume. Akamchukua baba yangu akamweka upande wa pili. Akamnyonyesha mpaka mama yake akainuka kitandani.” Akatabasamu. “Babu yangu alikuwa akisema nusu ya mtoto huyu ni Mwarabu.”

Baba yangu alikuwa akinunua nta na ngozi. Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya stesheni. Na mtoto wa kiume aliyezaliwa nyumba ile mwaka ule alikuwa mmoja tu, naye ndiye aliyekuwa ameshika birika.

Nilikuwa namimina kahawa kwenye kikombe cha Ami. Ami hakutikisa, nami sikuacha. Ikajaa, ikafurika, ikamwagika vidoleni mwake, na hakuna kati yetu aliyesogea. Nyuma yetu mlango wa ndani ukafungwa taratibu.

“Mbona kimya?” kijana akauliza. “Hii si habari njema?”

Kwenye simu bibi alikuwa anaita, alo, alo, akidhani laini imekatika.

Ami akaweka kikombe chini. “Mwambie ahsante. Mwambie Mungu amrehemu aliyenyonyesha. Kisha kata simu.”

Kijana alikata. Ami alinitazama mimi, maana walii wa dada yangu, wa kumwozesha, ni mimi, na mwenye kusema ni mimi. Nimeshawahi kumwambia mtu kuwa injini yake imekufa akiwa na watoto saba ndani ya gari. Haikuwa kama hii.

“Baba yako,” nikamwambia, “alinyonya kwa mama yangu.”

“Ndiyo. Ajabu, siyo?”

“Kwa dini yetu, mtoto akinyonya kwa mwanamke, anakuwa mtoto wake. Watoto wa mwanamke yule wanakuwa ndugu zake. Baba yako ni ndugu yangu wa ziwa moja.” Nikanyoosha mkono kuelekea mlango uliofungwa. “Ni ndugu yake na yeye. Na wewe ni mtoto wa ndugu yake.”

Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama nikimtania. “Kwa maziwa?”

“Kwa maziwa.”

“Maziwa ya zamani namna hiyo?”

“Kwenye sheria hayaozi. Yeye ni shangazi yako. Shangazi haolewi.”

Akamgeukia Ami, kama mtu anayetafuta bei nyingine kwa duka la jirani. Ami akatikisa kichwa. Kijana akashika kikombe chake, akakiangalia, akakiweka tena pale pale. Mbuzi aliletwa. Tulikula kwa sababu alikuwa ameshaiva.

Asubuhi nikaanza kubisha, maana ndiyo kazi ninayoijua. Nikajiambia wanunuzi wa nta nyuma ya stesheni walikuwa zaidi ya mmoja. Nikajiambia bibi ni mzee, kachanganya. Ila dunia nzima alikuwa amebaki shahidi mmoja wa nyumba ile, mama mdogo, mdogo wake mama, anayekaa Nizwa na mwanawe. Wakati ule wa Tabora alikuwa msichana wa kutumwa dukani. Nikawasha gari. Dada akaja akaingia kiti cha nyuma, hakuniomba ruhusa, hakunisalimia.

Kabla ya Izki tairi likapasuka. Muuza matairi nimepasukiwa na tairi langu mwenyewe, na dada hakunicheka. Alisimama kando ya barabara ameshika spana.

“Kuna wanaosema mara tano,” akasema.

“Nini?”

“Kunyonya. Kuna wanavyuoni wanaosema lazima ifike mara tano za kushiba. Chini ya hapo si kitu.”

“Kwa wanavyuoni wetu tone moja linatosha.”

“Nimesema kuna wanaosema.”

Nikachuchumaa kwenye gurudumu. “Basi tutamshusha mama mdogo mpaka nne.”

Akanipa spana, akaenda kutoa jeki.

Tulimkuta mama mdogo barazani anachambua tende, mbaya huku na nzuri huku.

“Shikamoo, mama mdogo.”

“Marahaba. Mbona bibi harusi yuko barabarani?”

Nikakaa chini. Nikazunguka, nikauliza afya, nikauliza tende za mwaka huu. Kisha nikasema, “Kule Tabora, mama alipata kumnyonyesha mtoto wa jirani?”

“Yupi?”

Dada akainua uso. “Walikuwa wengi?”

“Nyumba ile mtoto akilia anaokotwa. Mlitaka tuulize kabila kwanza? Mama yenu alikuwa na maziwa, mwenye maziwa hanyimi. Tulikuwa tukipeana kama chumvi.”

“Wa mzungu,” nikasema. “Mchimba visima.”

“Ah, yule tuliyemwita wa Mjerumani.” Akatupa tende upande wa mbaya. “Mweupe kama unga wa muhogo. Mimi ndiye niliyekuwa nikimbeba kumrudisha kwao.”

Nikavuta pumzi. “Mara ngapi, mama mdogo? Mara mbili, tatu? Labda alilazwa kifuani tu anyamaze, wala hakunyonya?”

Aliacha tende. Nadhani hapo ndipo alipoona tumekuja na nini. “Mwanangu, tangu mvua za mwanzo mpaka watu wanachoma mahindi mabichi. Usiku na mchana. Wewe ndiye uliyekuwa ukilia, si yeye. Alikuwa na nguvu, anamaliza lake anataka na lako. Nilikuwa nikikutuliza kwa maji ya mchele.”

Kwa hiyo mapatano ya kwanza maishani mwangu nilishindwa nikiwa sina hata jino, na aliyenishinda ndiye baba wa mchumba wa dada yangu.

“Mbona hukusema?” dada akauliza. Hakupandisha sauti.

“Ulinambia nini, mwanangu? Mlinipigia mkasema unaolewa na Mmarekani wa gesi, nikasema alhamdulillahi. Nani alinambia ni mjukuu wa mchimba visima?” Akanitazama mimi sasa. “Nasikia ulipiga simu Amerika mwezi mzima. Nizwa ulipiga mara ngapi?”

Nizwa nilipiga mara moja, kumwalika.

Hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo kuliko yote. Tuliwachambua Wajerumani hai na wafu, tukamhesabu hata mtoto aliyezikwa kando ya reli. Kwetu hatukuuliza. Kijana alitwambia siku ya kwanza kwamba baba yake alizaliwa Tabora, tukaona ni kheri, tukasema dunia ndogo, tukamimina kahawa. Tulijua jinsi mama alivyokuwa. Hakuna aliyekaa akafikiri kwamba ukarimu wa mama una watoto.

Kabla ya kurudi nilimpitia shaikh mmoja wa pale Nizwa ninayemwamini. Nikabisha na kwake. Nikataja mara tano, nikataja umri wa shahidi, nikataja kuwa yule alinyonya akiwa si Mwislamu. Alinisikiliza kwa upole mpaka nikaishiwa. Akauliza tu kama akili ya mama mdogo ni timamu. Nikasema ni timamu kuliko yangu. Akasema, “Basi umeshapata jibu, wewe unatafuta punguzo.” Kisha akamgeukia dada akamwambia kuwa asivunjike moyo, kakosa mume lakini kapata mahram, jamaa asiyeweza kumwoa kamwe, anayeweza kusafiri naye na kukaa naye bila haya.

“Mahram ninao wa kutosha, shaikh,” dada akasema. “Nilikuwa nimekosa mume.”

Kijana alikuja dukani siku ya pili, akakaa juu ya matairi. Nilimweleza ya Nizwa. Hakubisha. Aliuliza tu, “Basi wewe nikuite nani?”

“Ami.”

“Na yeye?”

“Shangazi.”

Akarudia neno hilo chini chini, mara mbili, kama mtu aliyetajiwa bei anayedhani hakusikia sawasawa. Kazi ya mitambo ilipokwisha akaondoka na wenzake. Hakuacha dini. Kila Iddi hunipigia simu, “Shikamoo, Ami,” na huuliza hali za wote, mmoja mmoja. Akifika kwa dada hasemi jina. Husema, “Na wengine nyumbani?”

Miaka imepita. Dada kahamia hospitali ya Ibra, anakaa kwangu, kwenye chumba chake kile kile. Walikuja wengine kuposa, wa asili isiyo na shaka, akawakataa bila kuinua macho. Yeye na kijana hawajaonana tangu jioni ile ya simu.

Sasa wiki mbili zilizopita kijana kanipigia. Baba yake kastaafu udereva wa malori. Yule bibi wa shambani, kabla ya kufa, alimwita akamweleza yote, na mzee huyo, ambaye sijamwona tangu tulipogawana ziwa, anataka kuja kuzuru kaburi la mama aliyemnyonyesha na kunisalimia mimi. Hawezi kusafiri peke yake. Mwanawe atamleta. Wanataka kukaa kwangu wiki mbili, na wana haki, ni watoto wa nyumba hii.

Nilimweleza dada akiwa anapiga pasi sare yake.

“Waje,” akasema. “Siku hiyo nitakuwa zamu.”

“Wanakaa wiki mbili.”

“Basi nitakuwa zamu wiki mbili.”

“Yule mkubwa ni kaka yako. Na huyu mdogo ni mtoto wako kisheria. Unaweza kukaa naye sebuleni kichwa wazi, mkala sinia moja. Hakuna wa kukusema.”

“Ndiyo hilo, kaka,” akasema. “Ingekuwa haramu kumwona, ningestahimili.”

Nikatoka mle chumbani kama niliyemwagiwa maji. Nilimwendea Ami, ambaye siku hizi haondoki kitandani. Akasema ndugu hafukuzwi, kukata udugu ni dhambi, na wa ziwa ni udugu. Nikamuuliza mke wangu, akasema mwanamke hakimbizwi kwao. Wote wawili wana haki. Niliwaza kuwapangishia chumba Bidiya, kwenye zile kambi za watalii, lakini nitamwambiaje mtu aliyekuja kumzuru mama yake alale hotelini? Niliwaza kumpeleka dada Nizwa kwa mama mdogo, lakini kwa kosa gani? Hajafanya kitu. Alisema ndiyo mara moja tu maishani mwake, akiosha mchele.

Kijana anasubiri neno langu ndipo akate tiketi, na nimeshamwambia mara mbili kwamba laini ni mbaya. Nimepatana juu ya kila kitu kinachouzwa kati ya hapa na Sur, hili sijui hata nianzie wapi. Wewe unayesoma, kama una dada, au uliwahi kuwa na mgeni wa namna hii, nishauri: nimwambie aje, au nimwambie nini?